Re: Attenborough ni cheo au ni jina la ukoo?

Mkuu umeuliza kama Attenborough ni cheo cha kimwinyi. Hapana, ni jina la ukoo la kawaida tu ila walionalo ni wachache. Asili yake ni kijiji kinaitwa hivyohivyo, Attenborough, kiko Uingereza, kusini magharibi mwa mji wa Nottingham kando ya mto Trent, na maana yake ni kama boma la Adda, huyo Adda alikuwa mtu wa zamani hizo za Waanglo-Saksoni, yaani mababu wa Waingereza.

Sasa watu wengi hapa wanachanganya, wanadhani wenye jina ndio walikuwa wenye kijiji. Sio lazima kabisa! Ukibaki kijijini nani atakuita wa Attenborough wakati wote ni wa hapohapo? Jina linakuganda ukishahamia kwingine, watu wanakutambua kwa ulikotoka, watoto wanarithi basi imetoka hiyo. Ndo maana kwa miaka mingi wenye jina hili walirundikana mkoa wa Nottinghamshire kilipo kijiji na mkoa jirani wa Derbyshire, hawakwenda mbali. Siku hizi utawakuta London, Australia, Kanada na Marekani, wachachewachache.

Hata huyu mzee wetu wa documentary za wanyama, David Attenborough, kazaliwa London 1926 kakulia Leicester, lakini baba yake ni wa Stapleford, hapo jirani kabisa na kijiji. Halafu mwaka 1966 David ndiye aliyekuja kufungua hifadhi ya ndege ya hapohapo Attenborough, kwenye mashimo yaliyochimbwa kokoto yakajaa maji. U-Sir, yaani cheo cha heshima cha Uingereza, alipewa yeye binafsi, 1985, hauhusiani na jina.