Watoto wale nini njiani kwenda Moshi?

Swali: Shangazi, shikamoo. Tunakwenda Moshi kwa gari letu na watoto wa miaka 3 na 7. Kila safari wanashindia soda na chipsi, kisha wanatapika. Niwafungie nini?
Mama wa Tabata

Jibu: Marahaba mwanangu. Alfajiri wape uji mwepesi, si vitumbua. Mafuta mengi huchafua tumbo garini. Fungasha viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, matango na mayai ya kuchemsha yasiyomenywa. Mayai yaliwe mapema! Chakula kilichopikwa kisikae bila ubaridi kwa zaidi ya saa 2, na gari likiwa na joto kali isizidi saa 1. Usiku gandisha chupa za maji, zipange na chakula kwenye ndoo yenye mfuniko, yakiyeyuka mtakunywa. Huyo mdogo usimpe karanga nzima, zinapalia. Mkiingia mkoa wa Tanga nunueni machungwa, lakini menyeni wenyewe, mikono ikiwa imenawa kwa sabuni. Wakililia chipsi, simameni mle wali, maharage na mchicha, vyote vikitoka jikoni vya moto.