Mnanaa wa peremende: chagua kwa pua, usitegemee lebo

Nikiulizwa ni peremende ipi ifaayo bustani ya nyumbani, nami huuliza: majani utayafanyia nini? Mtu wa chai, mtu wa kukaushia majani yake kwenye mtungi na mtu anayetaka tu bafu linukie hawahitaji mmea mmoja. Lakini kabla ya kufika huko, kuna jambo la mbegu.

Usinunue mbegu za peremende. Mmea huu, Mentha × piperita kwa jina la kisayansi, ni chotara wa mnanaa wa majini na mnanaa wa kawaida. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi wa kuainisha mimea, alipouorodhesha mwaka 1753 aliuhesabu kuwa spishi kamili, lakini ni chotara, tena tasa. Maua unatoa, nyuki wanakuja, ila mbegu zenye uhai ni nadra mno. Ndiyo maana pakiti iliyoandikwa peremende mara nyingi huotesha mnanaa wa kawaida, au miche ya kila namna, kila mmoja na harufu yake. Peremende halisi huongezwa kwa vipandikizi, au kwa vipande vya mashina yanayotambaa ardhini. Kwa hiyo nunua mche, au omba kitawi kwa mtu mwenye mmea unaoupenda.

Ukifika kwenye kitalu, lebo iache kwanza. Tazama jani linavyoshikana na shina. Jani la peremende lina kikonyo kinachoonekana wazi. La mnanaa wa kawaida limekaa juu ya shina lenyewe, kikonyo hakuna au ni kifupi mno. Kisha lisugue jani moja kati ya vidole, unuse. Kama muuzaji hana neno, litafune, halafu vuta pumzi kwa mdomo. Peremende itakupiga baridi hadi kooni. Hiyo ni kazi ya mentholi, kemikali iliyomo kwenye mafuta ya majani, inayoamsha neva zilezile zinazohisi ubaridi, ndiyo maana hata maji ya uvuguvugu huonekana baridi baada yake. Mnanaa wa kawaida hauna ubaridi huo. Harufu yake ni tamu na laini, kwa sababu mafuta yake yametawaliwa na kemikali nyingine, kavoni. Ukizoea jaribio hili hutauziwa kimoja kwa jina la kingine.

Sasa aina zenyewe. Iliyo maarufu kuliko zote ni Black Mitcham, iliyopewa jina la Mitcham, kusini mwa London, ambako mashamba ya peremende yalistawi sana katika karne ya 18 na ya 19. Shina lake ni la zambarau iliyokolea, majani ni ya kijani kizito, na ukipita ukaligusa kwa nguo, nguo inanuka hadi jioni. Hii ndiyo ya kukausha. Majani makavu hupoteza sehemu ya mafuta yake, basi ni heri uanze na yenye mafuta mengi.

Peremende nyeupe, ambayo kwa kweli si nyeupe bali ina shina la kijani na majani mepesi zaidi, hutoa mafuta machache. Wakulima wakubwa hawaipendi kwa sababu hiyo. Mimi ndiyo ninayoichuma kila siku. Ladha yake haina ukali wa dawa, na hata ukisahau majani kwenye birika, chai inanyweka.

Utakutana pia na Todd's Mitcham. Ilipatikana Marekani kwa kupiga Black Mitcham mionzi, kisha kuchagua mimea iliyostahimili kuvu ya udongoni iitwayo Verticillium, iliyokuwa ikinyausha mashamba mazima. Kwa kuwa peremende haizai mbegu, kuiboresha kwa njia ya kawaida ya kuichavusha na mmea mwingine ni kazi ngumu. Nyumbani, kwenye chungu chenye udongo mpya, faida hiyo huenda usiione kabisa. Ukiikuta chukua, ila usiihangaikie.

Peremende ya chokoleti huuzika kwa jina lake. Sikatai kwamba ina mnuko wa pipi za chokoleti zenye mnanaa, lakini nimewanusisha wageni bila kuwaambia jina, na wengi hawakuitaja chokoleti. Ni peremende nzuri yenye shina jeusijeusi, haijikwezi kwa ukali, na inakwenda vizuri na kakao. Kama nafasi ni ya chungu kimoja tu, singeichagua.

Halafu kuna ile ya kolonya, yenye majani ya mviringo na kingo za zambarau. Nayo ni peremende kwa ukoo, ila mafuta yake yana linaloli, kemikali yenye harufu ya maua, kwa wingi, hivyo inanukia manukato kuliko pipi. Jani moja kwenye jagi la maji linatosha; ukitia kiganja kizima utakunywa sabuni. Mahali pake ni bafuni na kwenye chombo cha maua.

Watu huonya kwamba ukipanda aina mbili jirani, ladha zitachanganyika. Ladha ya jani haibadilishwi na jirani. Kinachotokea ni kwamba mashina hupita chini kwa chini, na aina yenye nguvu inaimeza nyingine. Ndiyo sababu kila aina ninaipa chungu chake, upana wa sentimita 30 au zaidi, na kila mwaka ninaimwaga, ninabakiza vipande vichanga vya pembeni na kutupa kiini kilichogeuka kigumu kama mti. Chunguza pia upande wa chini wa majani kabla ya kununua: vijivimbe vya rangi ya chungwa ni kutu, ugonjwa wa kuvu, na hata mche uwe mzuri vipi, uache hapohapo.

Kwa wenye kiungulia cha mara kwa mara, peremende kali inaweza kukizidisha, kwa kuwa hulegeza mlango wa juu wa tumbo. Mnanaa wa kawaida, usio na mentholi nyingi, huenda ukawapendeza zaidi. Na mafuta ya peremende yasipakwe usoni wala kifuani kwa mtoto mchanga, kwani mentholi inaweza kumkaba pumzi.

Ukipewa kitawi, chagua kisicho na maua, kikate chini kidogo ya pingili, toa majani ya chini, kisha kiweke kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga usio wa jua kali. Maji yabadilishe kila baada ya siku mbili. Kwa kawaida mizizi huonekana ndani ya wiki moja au mbili, ikitokea kwenye pingili zilizozama. Kama una glasi za aina kadhaa, ziandike majina siku hiyohiyo, kwa sababu vitawi vichanga vya Black Mitcham na vya chokoleti vikikaa pamoja dirishani havitofautiki kwa macho, na majani yenyewe bado ni machache mno ya kuyasugua kila unapotaka uhakika.