Maswali na Majibu: Kasino walikataa dau langu. Nilikosea wapi?

SWALI: Habari za kazi, ndugu msimamizi. Nimecheza poka ya Texas Hold'em (kila mchezaji ana karata mbili za siri, na tano huwekwa mezani kwa wote) mtandaoni kwa miaka miwili na kanuni zake nazijua vizuri. Hivi karibuni niliingia kasino kwa mara ya kwanza, yakanikuta mambo mawili ambayo mpaka leo sijayaelewa. Kwanza, mtu aliweka dau la 400. Mimi nikasogeza chipu za 400, halafu nikarudi kwenye rundo langu kuchukua 800 nyingine ili nipandishe. Mgawaji akanirudishia zile 800, akasema nimefuata tu, yaani nimelipa dau lake bila kuongeza. Pili, mwisho wa mgawo mmoja nilikuwa na karata zisizoshindika. Nikatulia kusubiri zifunuliwe. Nilipozigeuza, bwana niliyekuwa nikishindana naye alikasirika, akasema nimemdharau, na nusu ya meza ikamuunga mkono. Sikuwa na nia mbaya hata chembe. Je, adabu ya kasino ni tofauti na ya mtandaoni? Nijue nini kabla sijarudi?

JIBU: Ndugu msomaji, niligawa karata kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa kazi ya kusimamia ukumbi, na maswali kama lako hunigusa. Watu wa namna yako nimewaona wengi. Wanajua kucheza, hila hawana, lakini wanainuka mezani wamenuniwa na watu wasiowajua kwa kosa wasilolijua.

Mtandaoni, sehemu kubwa ya adabu unafanyiwa na programu. Zamu yako isipofika, vitufe havionekani. Ukitaka kupandisha, unaandika kiasi, unabonyeza mara moja, dau linakwenda zima. Mgawo ukifika mwisho, programu inafunua karata yenyewe na kumpa mshindi chake. Kasino hakuna wa kukufanyia hayo. Yale ambayo programu ilikuwa inakuzuia, sasa inabidi ujizuie mwenyewe, kwa mikono yako na mdomo wako. Hapo ndipo ulipoteleza mara zote mbili.

Wala hukuanza wewe. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, aliyefuzu kupitia mtandao, alishinda shindano kuu la World Series of Poker kule Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka huo walioingia shindano hilo walikuwa 839. Mwaka uliofuata wakawa 2,576. Wengi wao walikuwa wamefundishwa na programu, na wagawaji wa wakati huo walikuwa na kazi ya kuwaeleza usiku kucha haya ninayokueleza wewe.

Tuanze na dau lako. Mgawaji hakukuonea. Ulichofanya ni kuweka dau kwa mafungu, na karibu kila kasino inakikataza. Jiweke kwenye kiti cha yule aliyeweka 400. Anaona 400 zako zinatua mezani na mkono wako unarudi nyuma. Kwa sekunde moja au mbili anaamini umefuata, basi. Mabega yanashuka, au anashusha pumzi, au jicho lake linakimbilia chipu zake. Mtu mwenye hila anausoma kwanza uso huo, ndipo aamue kama atazidisha au ataishia hapo. Wewe hukuwa na hila, naamini, lakini mgawaji haoni nia ya mtu, anaona mkono. Kwa hiyo kilichotua kwanza ndicho kinachohesabiwa.

Dawa yake ni kutamka. Kabla hujagusa chipu, sema kwa sauti inayosikika: "Napandisha, elfu moja na mia mbili." Ukishatamka kiasi, hata ukizileta chipu kwa mafungu matatu hakuna wa kukuuliza, maana neno limeshatangulia. Ila ujue pia kwamba neno hilo linakufunga. Ukisema "nafuata" zamu ikiwa yako, umefuata, hata kama ulimi uliteleza. Usipopenda kusema, sogeza chipu zote za dau lako kwa mkupuo mmoja.

Kuna mitego miwili jirani na huo, na nina hakika utakutana nayo. Wa kwanza ni chipu moja kubwa. Dau ni 400, wewe huna chipu ndogo, unaweka moja ya 1,000 bila kusema kitu, moyoni ukijua unapandisha. Utahesabiwa umefuata na utarudishiwa 600. Chipu moja iliyozidi dau, ikiwekwa kimyakimya, maana yake ni kufuata. Wa pili ni nusu ya ongezeko. Dau la kwanza likiwa 400, ongezeko la chini ni 400 nyingine, yaani jumla 800. Ukiweka kwa mkupuo mmoja chipu kadhaa zinazofika 600 au zaidi, utalazimika kukamilisha hadi 800. Zikiwa pungufu ya 600, umefuata tu, unarudishiwa ziada. Hivi ndivyo zinavyosema kanuni za TDA, chama cha wakurugenzi wa mashindano ya poka kilichoanzishwa mwaka 2001, na kasino nyingi zinazifuata kwa karibu. Hata hivyo kanuni za nyumba uliyoingia ndizo zinazotawala, na kumuuliza mgawaji kabla ya kuweka dau si aibu.

Chipu usizirushe katikati ya meza zikatawanyika juu ya poti, yaani rundo la madau yote yanayoshindaniwa. Ziweke mbele yako zikiwa zimepangwa. Zikishachanganyika na za wengine, mgawaji hana njia ya kujua ulileta ngapi, na mchezo mzima unasimama kwa ajili yako. Zile za thamani kubwa zisijifiche nyuma ya ndogo. Mwenzako ana haki ya kujua takriban anashindania kiasi gani.

Sasa lile la pili, ambalo ndilo liliwaumiza watu. Mtu akijua wazi ameshinda, akachelewa kugeuza karata huku mwenzake akishaanza kutumaini, mezani hilo linahesabiwa miongoni mwa matendo mabaya kabisa. Halijavunja kanuni yoyote ya kumnyang'anya mtu poti. Linachukiwa kwa sababu halina faida kwa mchezaji zaidi ya kumtesa aliyeshindwa. Madau yamekwisha, hakuna tena cha kuficha, hakuna cha kushawishi. Wewe ulikuwa unasubiri programu ifunue, mwenzako akaona mtu aliyekaa na karata zisizoshindika anamtazama tu. Kwa macho yake hapakuwa na tofauti.

Utaratibu wa kufunua uko hivi. Baada ya karata ya tano ya mezani, aliyeweka dau au kupandisha wa mwisho katika duru hiyo ndiye anayeonyesha kwanza. Kama wote walipita bila dau, anaanza aliye karibu upande wa kushoto na kitufe cha mgawaji, kile kidude kinachozunguka mezani kuonyesha zamu ya kugawa, kisha zinafuata zamu. Huo ni utaratibu. Adabu inazidi hapo: ukiamini umeshinda, usingoje zamu, geuza zote mbili papo hapo, ziwe wazi mezani. Zote mbili, hata kama unatumia moja tu. Kasino inataka kuziona zote ndipo ikupe poti.

Na usiachie karata zako mpaka umeona za mwenzako kwa macho yako. Hili nalisema kwa uchungu. Usiku mmoja nikiwa bado mgawaji, mezani palikuwa na kopa tatu, na jozi hakuna. Kijana mmoja akatangaza, "Flashi!" bila kuonyesha kitu, yaani ana karata tano za kopa. Mzee aliyebaki naye alishika jozi ya wafalme. Akatikisa kichwa, akazisukuma kifudifudi kuelekea kwangu, zikaingia kwenye rundo la karata zilizotupwa. Ndipo kijana akageuza zake: ree ya kopa na kumi ya uru. Ile ya uru aliiona nyekundu akadhani ni kopa. Flashi hakuwa nayo, hata jozi hakuwa nayo. Maneno yake hayakuwa na uzito wowote, maana karata ndizo zinazosema. Lakini za mzee zilikuwa zimekwisha kufa kwenye rundo, na zilizobaki hai ni zile mbili tu. Nikasogeza poti kwa kijana, naye mwenyewe hakuwa na furaha. Mpaka leo, nikimwona mchezaji anatangaza karata kabla ya kuzigeuza, namwambia, "Tuonyeshe, ndugu, usituambie."

Yapo mengine ambayo vitufe vya mtandaoni vimekuficha. Zamu ni kubwa kuliko zote. Mmebaki watatu. Wa kwanza ameweka dau, wa pili anawaza, na wewe wa tatu, kwa kuwa karata zako ni mbovu, unazitupa mapema ili kuokoa muda. Wa pili alikuwa anakuogopa wewe uliye nyuma yake. Sasa anajua hayupo wa kumshtukiza, anafuata kwa amani. Aliyeweka dau umemharibia hesabu yake bila kugusana naye. Tulia, hata kama karata zako hazina maana.

Ukishatupa, nyamaza pia kwa uso. Mezani zikitoka saba mbili, na wewe ulitupa saba, usipige meza wala kuguna. Saba ziko nne tu kwenye pakiti. Mguno wako umewaambia wote kwamba iliyobaki ni moja, na anayejifanya ana saba ameanza kutiliwa shaka kwa sababu yako. Vilevile usimshauri jirani acheze vipi, hata akikuonyesha karata zake. Kila mgawo unachezwa na mtu mmoja. Simu iwe mfukoni wakati una karata mkononi.

Kuhusu muda, kuwaza ni haki yako. Kwenye uamuzi mzito chukua nafasi yako, hakuna mstaarabu atakayekulaumu. Tatizo ni mtu anayechukua dakika nzima kila mgawo kwa karata za kutupa. Mchezaji anaweza kumwomba msimamizi amhesabie mwenzake saa. Kwa kanuni za TDA anapewa hadi sekunde 25, kisha zinahesabiwa 5 za mwisho, zikiisha naye anakabiliwa na dau, karata zake zimekufa. Omba saa pale tu mambo yamezidi.

Nakuomba jambo moja kwa niaba ya wenzangu. Mgawaji hachagui karata. Nimetupiwa karata usoni na watu waliopoteza, nami nikaendelea kuchanganya pakiti kwa mikono inayotetemeka. Ukiona amekosea hesabu, mwambie kwa upole kabla poti haijasogezwa, maana baada ya hapo kurekebisha ni vigumu. Msipoelewana, aitwe msimamizi. Ndiyo kazi yetu.

Umeuliza kama adabu mbili hizi ni tofauti. Mzizi ni mmoja, ila mtandaoni yamebaki makosa yale ambayo programu haiyaoni upesi, na kwa hiyo yanahitaji uaminifu zaidi. Kasino huwezi kukalia viti viwili; mtandaoni mtu anafungua akaunti mbili akakaa meza moja na nafsi yake. Huo ni wizi. Ni wizi pia marafiki wawili kuambiana karata kwa simu, au kukubaliana wasipandishiane madau ili wamkamue wa tatu. Rafiki aliye hodari akikaa nyuma yako na kukuongoza katika shindano, waliolipa kiingilio wanashindana na mtu ambaye hawamwoni. Na zile programu za kukokotoa mchezo bora, majukwaa makubwa yanakataza kuzitumia wakati mgawo unaendelea. Zitumie baada ya mchezo kujifunza, uzichambue utakavyo. Nawaheshimu sana wanaofanya hivyo.

Kwenye kisanduku cha maongezi, usimkejeli aliyecheza vibaya akashinda, wala usimpe somo. Ukiondoka mezani kwa muda, bonyeza kitufe cha kukaa pembeni, usiwaache watu wanasubiri saa yako iishe kila mgawo. Na ukiwa umefungua meza nyingi mpaka kila moja inakusubiri, punguza.

Ukirudi kasino, ukishakaa tu mwambie mgawaji, "Mimi ni mgeni wa meza, nimezoea mtandaoni." Maneno hayo yanabadilisha kila kitu. Mgawaji atakukumbusha zamu yako, na wachezaji wazoefu watakusamehe makosa madogo ambayo mtu mwingine asingesamehewa. Na ukimkuta yule bwana, usimweleze mambo ya programu kwanza. Mwambie, "Siku ile nilikuchelewesha kuona karata zangu, sikujua, samahani." Halafu umuulize kama kiti cha jirani yake kina mtu.