Maswali ya Wasomaji: "Should" Imekwenda Wapi?

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mtembeza wageni hapa Lamu. Kila tunapokuwa na safari ya kwenda kuona magofu ya Takwa, kisiwani Manda, huandika tangazo kwa chaki kwenye ubao ulio karibu na gati, kwa sababu mkondo wa mikokoni hauingiliki ila maji yamejaa, na mgeni mmoja akichelewa sote tumekwama. Wiki iliyopita niliandika: "Visitors must to be here before high tide. We have to follow the water." Mgeni mmoja ambaye kwao ni mwalimu akaniomba chaki, akafuta "to" ya kwanza. Nikaona nimeelewa, nami nikaifuta ya pili. Akatikisa kichwa, akairudisha. Jioni yake binti yangu, aliye kidato cha tatu, akaniletea zoezi ambamo "I don't know what I should say" inageuzwa kuwa "I don't know what to say". Hapo "to" imeingia tena, na "should" haionekani. Imekwenda wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na ubao wako, kisha nije kwa zoezi la binti, ambalo ndilo lenye mambo mengi.

Kiingereza kina vitenzi vichache vya uwezo, ruhusa na ulazima: "can", "may", "must", "shall" na "will", pamoja na jamaa zao "could", "might", "should" na "would". Hivi hufuatwa na kitenzi kitupu, bila "to". Lakini "have" ni kitenzi cha kawaida ambacho hugeuka kuwa "has", "had" na "having", na kinapobeba maana ya lazima hudai "to" baada yake. Ukitaka kipimo cha haraka, weka "he" mbele. Husemi "he musts", kwa hiyo husemi "must to". Lakini unasema "he has", kwa hiyo unasema "he has to wait". Kitenzi "need" kinakithibitisha kipimo hiki vizuri, kwani kina sura mbili: "he needs to wait" ina "s" na ina "to", ilhali "he need not wait" haina "s" wala "to". Kinachokiuka kipimo ni "ought", ambacho hakipokei "s" na bado kinataka "to". Hicho kishikeni kwa kichwa.

Sababu yake ni ya kale. Katika Kiingereza cha zamani kitenzi-jina kilitambulikana kwa mwisho wake, na "to" lilikuwa neno la kuonyesha mwelekeo, kama lilivyo hadi leo mtu anapokwenda "to" mahali. Miisho ile ilipopukutika, "to" likapewa kazi ya kukitambulisha kitenzi-jina, mfano wa "ku" yetu. Vitenzi vya uwezo na ulazima, hata hivyo, vilikuwa vimekwisha kuzoea kukaa na kitenzi kisicho na "to", vikabaki hivyo. Na "can" yenyewe asili yake ni kujua, jambo ambalo Mswahili hatalistaajabia, maana sisi nasi tukisema "anajua kuogelea" tunamaanisha kwamba anaweza.

Sasa zoezi. Mwambie binti yako aandike sentensi hiyo kwa Kiswahili kabla ya kitu kingine chochote. Ataandika "Sijui niseme nini". Hakuandika "nasema", wala "nitasema". Ameandika "niseme", na ile "e" ya mwisho ndiyo iliyobeba maana ya kupasa. Mwingereza hana "e" hiyo, kwa hiyo ana njia mbili za kuiziba nafasi yake: ama alete kishazi kamili chenye "should", ama aweke "to" na kitenzi peke yake baada ya neno la kuuliza. "Should", basi, haikupotea. Imo ndani ya "to say" kama ulazima ulivyomo ndani ya "niseme". Mwanafunzi anayeandika "I don't know what I say" ameitafsiri "nasema", na amesema jambo jingine kabisa. (Kwa vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kama "jibu", mwisho haubadiliki, tunasema "nimjibu nini", lakini maana ni ile ile, na tafsiri ni ile ile.)

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya shule hulipita mbio, nami ningependa tulitazame kwa karibu, kwa sababu hapa Kiswahili kinatuonyesha wazi kitu ambacho Kiingereza kinakificha. Linganisha "She told me what to say" na "She asked me what to say". Maneno ya mwisho ni yale yale, "what to say", lakini msemaji si mmoja. Kwa Kiswahili ya kwanza ni "Aliniambia niseme nini", na ya pili ni "Aliniuliza aseme nini". Herufi chache za mwanzo, "ni" na "a", zinatuambia nani atakayefungua kinywa. Kiingereza kimemwondoa mtendaji pamoja na "should", na msomaji anapaswa kumtafuta kwa kukitazama kitenzi kilichotangulia: anayeambiwa ndiye atakayesema, na anayeuliza ndiye atakayesema. Binti akiombwa kurudisha "should", asikimbilie kuandika "I" kila mahali. Ya kwanza ni "what I should say", ya pili ni "what she should say". Na kama mtendaji ni mtu wa tatu ambaye hakutajwa pamoja na kitenzi kilichotangulia, njia ya "to" haipitiki: "Sijui binti yangu aseme nini" itabaki na "should" yake, "I don't know what my daughter should say".

Neno "why" kwa kawaida nalo halikubali njia hii. "Sijui kwa nini niende" ni "I don't know why I should go". Na pale tunaposema "Sijui niende au nisiende", Mwingereza anasema "I don't know whether to go"; asitumie "if" hapo.

Si lazima kinachofichika kiwe "should". Huweza kuwa "can" au "must", na hili huonekana zaidi "to" inapofuata jina, mahali ambapo sisi hutumia "-a ku-". Msikilize fundi wa milango ya nakshi pale mjini kwenu akisema: "Nina milango miwili ya kuchonga, na sina patasi ya kuchongea." Kwa Kiingereza: "I have two doors to carve, and I have no chisel to carve with." Milango ni ile ambayo hana budi kuichonga, yaani "that I must carve". Patasi ni ile ambayo angeweza kuchongea, yaani "that I can carve with". Umbo ni moja, maana ni mbili, na hakuna alama inayozitenganisha ila hali yenyewe, kama ilivyo katika Kiswahili. Tazama pia mwisho wa "kuchongea". Ile "ea" yetu inayoonyesha chombo ndiyo "with" iliyoachwa mwishoni mwa sentensi ya Kiingereza. Kiti cha kukalia ni "a chair to sit on", na kalamu ya kuandikia ni "a pen to write with". Nimesahihisha madaftari mengi yenye "a chair to sit", na dawa niliyoiona ikifaa ni kumwuliza mwanafunzi: je, kwa Kiswahili umesema "cha kukaa" au "cha kukalia"?

Tangazo lako, basi, liandike hivi: "Visitors must be here before high tide. We have to follow the water." Na chini yake unaweza kuongeza "Ask the captain where to sit", yaani wamwulize nahodha wakae wapi.

SWALI: Mwalimu, ninafanya kazi hotelini Malindi, ambako Kiitaliano husikika kila kona. Katika barua ya kuomba nafasi ya juu zaidi niliandika "I hope to can speak Italian soon", nikarudishiwa ikiwa na mstari mwekundu. Kosa ni lipi?

JIBU: Dada yangu, umeifuata "kuweza" ya Kiswahili, na "can" ya siku hizi haina kitenzi-jina. Andika "I hope to be able to speak Italian soon", au ukipenda kishazi kamili, "I hope that I can speak Italian soon". Vivyo hivyo "nitaweza" ni "I will be able to", kwa kuwa "will" na "can" haziandamani. "Must" nayo haina kitenzi-jina, hukopa "have to": "Sitaki kulazimika kungoja" ni "I don't want to have to wait". Na ukitaka kueleza kwamba jana, mara moja tu, uliweza kumwelewa mgeni aliyekuwa akisema haraka, andika "I was able to understand him". "Could" kwa kawaida iweke kwa uwezo uliodumu, au kwa kukanusha, "I couldn't understand him".