Re: Sarafu ya 500 inanasa kwenye sumaku, ni nikeli tupu?

Hapana mkuu, hiyo mia tano yako sio nikeli tupu, ndani ni chuma wameipaka tu nikeli kwa juu isishike kutu na ing'ae, ndo ile iliyoingia mtaani 2014 maana noti zilikuwa zinaisha vibaya mikononi mwa makonda. Nikeli yenyewe inanasa kweli kwenye sumaku, ila hapo kinachovutwa zaidi ni chuma. Chukua senti 5 ya Marekani, wenyewe wanaiita nikeli kabisa lakini ni shaba asilimia 75 nikeli 25, sumaku haigusi!

Na kama upo Dodoma mbona nikeli unayo jirani, nenda Haneti huko Chamwino uone yale mawe ya kijani, krisopresi, ule ukijani wa embe bichi umeletwa na nikeli, na chumvi zake nyingi ndo rangi hiyo hiyo. Ila usije ukayawekea mkaa kuyayeyusha aisee, nikeli inataka nyuzi 1455 na kwenye jiwe imo kiduchu tu, bora umuuzie sonara. Ya kuchimba hasa ipo Kabanga, Ngara.