Kingamwili haisomi jina la protini

Wewe uliyeingia maabara juzi ukapewa kazi ya kifo cha seli, nikuambie kitu kilichonila wiki tatu: kingamwili haijui protini inaitwaje. Inashika umbo tu.

Nilikuwa natafuta Bax, protini ya kuua seli, iliyoamka. Seli ikiwa nzima, Bax hutulia. Seli ikianza kufa hujifunua, huhamia kwenye mitokondria na kutoboa utando wa nje. Kingamwili 6A7 hushika ile iliyojifunua. Basi nikapasua seli kwa bafa niliyoikuta kwenye friji, yenye sabuni ya maabara iitwayo Triton X-100, nikaivuta Bax kwa 6A7, nikaendesha bloti, yaani kutenganisha protini kwa ukubwa kisha kuzinasa kwenye memburani na kuzitafuta kwa kingamwili. Mstari ukatokea kwenye kila sampuli, hata za seli ambazo sikuzitilia dawa. Nikalaumu seli, nikalaumu kingamwili, nikayeyusha seli mpya zilizogandishwa. Kumbe Triton yenyewe ndiyo inayoifunua Bax! Nilipotumia sabuni nyingine, CHAPS, sampuli za seli nzima zikanyamaza. Na jambo lenyewe lilishachapishwa tangu 1997. Mvivu wa kusoma nilikuwa mimi.

Saitokromu c, protini ya mitokondria inayovuja nje Bax ikishatoboa, nayo ni hivyo hivyo. Kingamwili ya kloni 7H8.2C12 ni ya bloti, protini ikishachemshwa na kulegea. Ya darubini ni 6H2.B4, inayotaka umbo la asili. Ukizibadilisha utapata giza, halafu utaandika kwenye daftari kwamba protini haipo.

Ukitaka kuona saitokromu c ikitoka, toboa utando wa seli kwa sabuni laini, digitonini, kidogo tu, zungusha kwenye sentrifuji, pima maji ya juu na mashapo. VDAC, protini ya utando wa nje wa mitokondria, ikionekana kwenye maji ya juu, mitokondria zimechanganyika humo. Na seli zisizotiwa dawa zikitoa saitokromu c, digitonini imezidi; punguza.

Jingine dogo lakini linaudhi: COX IV, protini ya mitokondria ambayo wengi huitumia kulinganisha kiasi cha mitokondria, kwenye bloti hukaa kwenye kilodaltoni 17 (kipimo cha ukubwa wa protini). Kaspesi-3 iliyokatwa, kimeng'enya cha kifo cha seli kikiwa kimeamka, hutokea kwenye 17 na 19. Ukizipima zote kwenye memburani moja, hutajua unatazama nini. Chukua VDAC, iliyo juu kidogo ya 30.

Siku hizi kila kichupa changu nakiandika kwa maka peni kwenye kifuniko: "iliyochemshwa" au "mbichi". Jirani yangu wa meza hucheka, kisha huiazima maka peni.