Kaka wa mtaani anataka laki mbili ili binti yangu apate skolashipu, nimpe?

SWALI: Anti habari za kazi, mi msomaji wako nipo Makorora hapa Tanga. Binti yangu kamaliza form six PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kapata division one ya point 4, alhamdulillah. Sasa kuna kaka hapa mtaani anasema ana watu wake Dodoma, nikimtumia laki mbili kwenye simu jina la mtoto linaingizwa kwenye Samia Scholarship, mwisho Ijumaa. Mimi nauza samaki wa kukaanga na baba yake mvuvi, hela tumeshaanza kuikusanya. Nimpe? Na hiyo skolashipu si ndo mkopo wa Bodi huohuo? Mama Z.

JIBU: Mama Z hongera sana, wewe na baba Z, point 4 ya PCB sio mchezo. Hela usimpe, hata mia.

Skolashipu hii inaangalia matokeo ya form six, na matokeo yanakaa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hakuna kaka wa mtaani anayeweza kuyaongeza wala kuyapunguza. Ilianza mwaka wa masomo 2022/2023, wakachukuliwa waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi, nafasi 640 nchi nzima, na majina yanawekwa hadharani kila mtu anayaona. Jina likiwemo mtoto anaomba mwenyewe kwa Bodi ya Mikopo mtandaoni, ila lazima awe amepata chuo na kozi iwe ya sayansi, uhandisi, tiba na kadhalika, kwahiyo akigeuka akaenda kusoma sheria hapo imemtoka. Wanaokula hela za wazazi kwa njia hii wananiuma sana, maana wanajua kabisa mzazi akisikia neno Dodoma anaogopa kuuliza.

Na sio mkopo. Bodi ndo inasimamia vyote viwili ndo maana watu wanachanganya, lakini mkopo akija kuajiriwa anakatwa 15% ya mshahara kila mwezi mpaka uishe, skolashipu harudishi kitu. Ila akishaingia chuo lazima aendelee kufaulu, akizembea mwaka wa kwanza ufadhili unakatwa, mwambieni hilo mapema.

Sasa msikae kusubiri skolashipu tu, nafasi ni chache, aombe na mkopo dirisha likifunguliwa. Ada ya maombi ni elfu 30 na inalipwa kwa kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali, haiendi kwenye namba ya simu ya mtu. Kinachowakwamisha wengi ni cheti cha kuzaliwa, lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, kwahiyo leo hii toa cheti chake weka pembeni ya cheti cha form four soma jina herufi kwa herufi. Kimoja kikisema Mwanahamisi na kingine Mwanahamis, hilo ni la kurekebisha sasa hivi kabla dirisha halijafunguliwa, sio siku mbili kabla halijafungwa wakati mtandao nao umeelemewa, na kama cheti hana kabisa anzieni ofisi ya wilaya.

Hiyo laki mbili endeleeni kuikusanya ila iwe ya binti, bumu la mwanzo, yaani hela ya kujikimu ya Bodi, huwa linachelewa kuingia na mtoto akifika chuo lazima ale.